Jina Liandikwe kwa Mwenyewe

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo, vikundi vya ushirika na vijana, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu Mwenyekiti, masheikh wetu, mama zetu wa vikundi vya mwani mliotoka Tumbe na Kiuyu, wenye nyumba za wageni, na nyinyi wanangu wa skuli mliojibanza kule nyuma: ahsanteni kwa kuja. Nimetakiwa nizungumzie namna ya kuweka tovuti kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni kubwa unazozifikia kwa intaneti, kwa jina lako mwenyewe. Mwenyekiti kanionya kwamba saa nane ukumbi huu una harusi, kwa hiyo sitazunguka sana.

Kila nikipita kwa wenye nyumba za wageni naulizwa: "Tovuti ya nini, na Instagram ninayo?" Swali la haki kabisa. Instagram ibaki, picha za kisiwa cha Misali ziendelee kupanda. Lakini ukurasa ule una mwenyewe, na mwenyewe ana masharti yake. Siku akiufunga, kwa kosa lako au kwa kosa la mashine zake, huna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Tena kuna mgeni aliyeko Hamburg. Kabla hajatuma pesa yake anataka kujua kama nyumba hiyo kweli ipo, basi anatafuta jina. Akikuta anwani yenye jina la nyumba, ina bei, ina ramani, na barua pepe inalingana na jina hilo hilo, roho yake inatulia. Akikuta barua pepe ya bure yenye tarakimu nyingi nyuma, anasita. Hata mimi ningesita.

Sasa nataka mtenganishe vitu viwili ambavyo mafundi wetu hupenda kuviuza vimefungwa pamoja. Kuna jina, hilo tunaloliita kikoa. Na kuna mahali faili za tovuti zinapokaa. Jina unalisajili, unalilipia kila mwaka, na liko kwenye daftari linaloonyesha ni la nani. Mahali pa kukaa unapanga tu. Leo uko hapa, kesho unahamia kwengine, na wageni wako hawatajua kama umehama. Mahali pakikosewa utasumbuka siku mbili tatu. Jina likikosewa, biashara imekwenda.

Nimeiona nyumba moja ya wageni, sitaitaja, ambayo kijana aliyeitengenezea tovuti alisajili jina kwa barua pepe yake yeye, na mwenye mali akaandikwa yeye. Hakuwa na nia mbaya, aliona ndiyo njia nyepesi. Baadaye kapata kazi Muscat, namba kabadilisha, na neno la siri la ile barua pepe kalisahau. Ankara ya mwaka ikenda kwenye sanduku asilolifungua mtu. Mwenye nyumba alijua kuna jambo pale wageni walipoanza kumuuliza kama kafunga. Bango liko barabarani, vitanda vimetandikwa, na kwenye intaneti nyumba haipo. Kulirudisha jina kulitaka barua, vitambulisho, na kumsaka kijana kwa jamaa zake.

Basi tuanze na jina. Zanzibar haina herufi zake mbili za mwisho wa anwani kwenye intaneti, tunatumia .tz pamoja na wenzetu wa Bara, chini ya usimamizi wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa nini iko hivyo, hilo tuwaachie wanaolipwa kujadili. Chini ya .tz kuna vikoa vya aina: co.tz kwa biashara, or.tz kwa jumuiya na vikundi visivyotafuta faida, sc.tz kwa skuli, ac.tz kwa vyuo kama mnavyoona kwenye suza.ac.tz, go.tz kwa Serikali, na hata hotel.tz kwa wenye hoteli. Unakwenda kwa wakala aliyeidhinishwa, unatafuta kama jina halijachukuliwa, unajaza fomu, unalipa. Wako wanaopenda .com. Sina ugomvi nao, ila kwa biashara ya hapa mimi nachagua co.tz: mgeni anaona papo hapo kwamba uko Tanzania, na jina unalolitaka kwa .com mara nyingi lishachukuliwa na mtu wa mbali.

Kwenye ile fomu, tulieni. Panapoulizwa mwenye kikoa, andika jina lako au jina la kikundi chenu kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Fundi ana nafasi yake, ya mhusika wa kiufundi, aandikwe hapo hapo. Barua pepe iwe ile unayoifungua wewe mwenyewe kila siku, na isiwe chini ya jina hilo hilo unalolisajili. Hapa watu wengi hawapaoni. Ukisajili jinalako.co.tz kwa kutumia karibu@jinalako.co.tz, siku kikoa kikilala kwa kutolipiwa, barua pepe nayo inalala, na ile barua ya kukukumbusha ulipe haikufikii kamwe.

Jina tumelimaliza kwa sasa, tutalirudia. Tovuti yenyewe je?

Tovuti nyingi tunazozihitaji huku ni kurasa tano sita: sisi ni nani, vyumba, bei, picha, ramani, simu. Hazibadiliki kila saa. Kwa kazi hiyo inatosha tovuti tuli. Pale Forodhani ukiagiza pizza ya Zanzibar, jamaa anaanza kutanua donge lako, anavunja yai, anakatakata kitunguu, na wewe unasubiri. Wakija watu mia, foleni inafika baharini. Lakini mkate wa boflo wa asubuhi umeshaokwa, anayekuja anapewa anakwenda zake. Tovuti zinazoendeshwa kwa hifadhidata, kama nyingi zinazotumia programu ya WordPress, hupika ukurasa mgeni anapofika. Tovuti tuli imeshaokwa: HTML kwa maandishi, CSS kwa sura, picha zake pembeni, na kazi ya seva ni kukabidhi. Haina hifadhidata ya kudukuliwa wala programu ya nyongeza uliyosahau kuisasisha. Ndiyo aina ya kale kuliko zote. Tovuti ya mwanzo duniani, aliyoiweka Tim Berners-Lee kule CERN mwaka 1991, ilikuwa hivi hivi, na nakala yake inasomeka mpaka leo.

Ina mipaka, na nisiwafiche. Yenyewe peke yake haiwezi kupokea fomu, haiwezi kukata malipo, haiwezi kumkumbuka mteja. Mwenye duka la bidhaa elfu anayetaka mteja alipe hapo hapo, hii haimtoshi. Lakini sisi biashara yetu, tuseme kweli, inamalizikia WhatsApp. Weka kitufe kwenye ukurasa, kiungo chake kianze na wa.me, mkwaju, kisha namba yako kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Mgeni akigusa, mazungumzo yanafunguka. Mama zangu wa mwani mnaouza sabuni, hiyo ndiyo fomu yenu ya oda, na haina gharama.

Na picha zipunguzeni. Picha ya simu siku hizi ina MB 4 au 5. Zikiwa kumi kwenye ukurasa mmoja, mtu mwenye bando dogo hatakusubiri. Ishushe mpaka KB 200, kwenye skrini ya simu hakuna atakayejua.

Kuna kijana amenitumia ujumbe jana kuuliza kwa nini asiwashe kompyuta yake dukani ikawa seva. Mwanangu, wenzetu wa Unguja walikaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme wa gridi, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, njia ya umeme kutoka Bara ilipoharibika. Sisi huku wakati ule tulikuwa kwenye majenereta. Waya wa baharini kutoka Tanga umetufikia 2010. Hali si ile tena, lakini umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, ukikuishia saa saba za usiku kompyuta yako inazimika, na usiku wetu ni mchana wa mtu wa Marekani anayepanga safari. Kampuni za wingu zina majumba yaliyojaa kompyuta, yana umeme wa akiba na mafundi wa zamu, na zinasambaza nakala za faili zako kwenye miji mingi. Wa Hamburg anahudumiwa na mashine ya Ulaya, wa Nairobi na ya Nairobi. Hilo dukani hulipati.

Sasa mahali gani? GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti tuli, ni bure na haitaki kadi ya benki. Kwenye akaunti ya bure faili zako zinakuwa wazi kwa kila mtu kuziona, jambo ambalo kwa tovuti ya madrasa au klabu ya mpira halina ubaya. Tovuti isizidi GB 1, na watembezi wasivute zaidi ya kiasi cha GB 100 kwa mwezi. Sidhani kama kuna klabu ya Wete itakayofika huko. Lakini masharti yake yanasema wazi kwamba haikuwekwa kwa ajili ya kuendeshea biashara ya mtandaoni. Mwenye nyumba ya wageni anayekusanya oda ayasome kwanza. Kwake ningesema Cloudflare Pages, huduma ya namna hiyo hiyo ya kampuni nyengine: nayo ina mpango wa bure usiodai kadi, kila faili isizidi MB 25, na una nafasi ya faili 20,000, ambazo huna.

Njia ya tatu ni AWS, yaani huduma za wingu za Amazon, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu vijana wengi mnaitaka ili mjifunze kazi, na mnakwama palepale. Faili unaziweka S3, ghala lao la faili, ndani ya kitu kinachoitwa baketi. Jina la baketi halitakiwi kufanana na la mtu mwengine yeyote duniani, kwa hiyo "picha" au "pemba" usijaribu. Mafunzo mengi ya zamani yanakuelekeza uifungue baketi kwa umma. Achana nayo. Tangu Aprili 2023 baketi mpya huja zimefungwa, na ziachwe hivyo hivyo. Tena anwani ya tovuti inayotolewa na S3 yenyewe huzungumza HTTP tu, lugha ya wazi, haijui HTTPS, ile inayofunga mazungumzo kwa siri, na kivinjari cha mgeni kitaandika kwamba tovuti yako si salama. Mgeni hatauliza kwa nini. Kwa hiyo mbele ya baketi unaweka CloudFront, huduma yao ya kusambaza nakala, unaipa ruhusa peke yake ya kuisoma baketi, na yeye ndiye anayesambaza na kuvaa cheti cha HTTPS.

Cheti ni bure, unakiomba huko huko AWS. Lakini AWS imegawa huduma zake kwa kanda, na cheti cha CloudFront lazima kiombwe kanda ya Virginia ya Kaskazini. Hata kama baketi yako iko Cape Town, kanda ya huku Afrika waliyoifungua 2020, cheti ni Virginia. Ukikiomba kwengine kitatoka, kitaonekana kizuri, na CloudFront haitakiona. Nawaambia hili kwa sauti kwa sababu nimeona watu wakiinamia laptop usiku kucha wakitafuta cheti kilichokuwa kinawatazama kutoka kanda nyengine.

Halafu utabadilisha bei ya chumba, utapakia faili mpya, utafungua tovuti na kukuta bei ya zamani. Hakuna kilichoharibika. CloudFront, usipoiambia vyengine, hushikilia nakala kwa saa 24. Unaweza kuiamrisha iitupe, na anwani 1,000 za mwanzo unazoamrisha zitupwe kila mwezi hazilipiwi. Gharama ya kuhifadhi tovuti ya MB 50 haifiki senti moja ya dola kwa mwezi, na CloudFront haidai kitu kwa terabaiti 1 ya mwanzo kila mwezi. Hata hivyo AWS ni mahali unapolipa kwa kadiri ulivyotumia, na kadi yako iko kwao. Siku hiyo hiyo ya kufungua akaunti weka tahadhari ya bajeti, hata ya dola moja, ikuletee barua pepe, na uweke uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti ikiibwa, mwizi atawasha mashine kubwa na ankara itakuja kwako.

Haya, jina liko, mahali papo. Vinajuanaje?

Zamani, kabla ya 1983, kompyuta zote za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, zilitegemea orodha moja, faili moja la majina lililokuwa likitunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya utafiti huko California. Ukiwa na kompyuta mpya unawajulisha wao, wanaiandika. Mtandao ulipokua orodha ikawashinda watu. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaja na DNS, mfumo wa majina wa intaneti, na siri yake ni kwamba hakuna anayeshika daftari zima. Mtu akiandika jinalako.co.tz, swali linakwenda kwenye seva za mzizi, ambazo zinajua tu nani anashika .tz, za .tz zinajua nani anashika majina yaliyo chini yake. Na hao wa mwisho ndio seva za majina ulizozitaja kwa wakala wako. Hapo ndipo penye jibu. Kwa hiyo kwa wakala unaandika seva za majina, na ndani ya seva hizo unaandika rekodi, yaani mistari inayosema jina liende wapi. Ukivichanganya hivi viwili, jioni yako imepotea.

Rekodi ya www ni nyepesi: unaweka CNAME, rekodi inayosema jina hili ni lakabu ya jina jengine, inayoelekeza kwenye anwani uliyopewa na GitHub, Cloudflare au CloudFront. Jina tupu, lisilo na www, ndilo lenye kisirani. CNAME haikubali kukaa pamoja na rekodi nyengine, na kwenye jina tupu tayari kuna rekodi ambazo lazima ziwepo. GitHub wamelitatua kwa kutoa anwani nne za namba, ya kwanza ni 185.199.108.153, unaziandika kama rekodi za A, zile zinazounganisha jina na namba. Cloudflare wana namna yao ya kulifanya kimya kimya. Amazon wana Route 53, huduma yao ya DNS, inayotoza senti 50 za dola kwa mwezi kwa kila kikoa, na ina rekodi yake maalumu inayoelekeza jina tupu moja kwa moja kwa CloudFront. Mwenye kubana matumizi anaweza kuacha DNS kwa wakala, ilimradi aridhike kuanzia na www.

Lakini kabla hujahamisha seva za majina, nakili rekodi zote za zamani, hasa MX. Hizo ndizo zinazoonyesha barua pepe ziende wapi. Watu huhamisha tovuti, tovuti inapendeza, wanapongezana, na siku ya tatu ndipo wanagundua hakuna barua hata moja iliyoingia. Na siku moja kabla ya kuhama punguza muda wa rekodi kukumbukwa, uwe sekunde 300, ili ukikosea urudi haraka. Kubadilisha seva za majina kwenyewe kunaweza kuchukua mpaka saa 48 kuenea kote. Usifanye hivyo Ijumaa ya msimu wa wageni.

Kuna hatari moja mafundi wengi hawawaelezi wateja. Umeacha kutumia ile baketi au ule ukurasa wa zamani, ukaufuta, lakini rekodi kwenye DNS umeiacha ikielekeza huko. Mtu mwengine anaweza kuja kudai ile nafasi uliyoiacha wazi, na kuanzia hapo jina lako linaonyesha vitu vyake. Vivyo hivyo kikoa kikiisha na hukulipa: kinarudi sokoni, na wapo wanaosubiri majina yenye historia nzuri. Wanayaweka nini? Mara nyingi kamari. Fikirieni, masheikh wangu, mzazi anatafuta jina la chuo cha Qur'ani cha mwanawe halafu anafunguliwa mashine za kuchezea pesa. Kwa hiyo ukifuta mahali, futa na rekodi. Na kikoa, wenye uwezo, kilipieni miaka kadhaa kwa pamoja mahali ambapo wakala anaruhusu.

Nimeletewa kikaratasi hapa. Kinauliza: mwenye akaunti akifariki? Swali zito, na nashukuru limeulizwa na mtu mzima. Kikundi kiandike kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na namba ya akaunti ya benki: kikoa chetu ni hiki, wakala ni fulani, kinaisha mwezi fulani, barua pepe ya usajili ni hii, na watu wawili wanaoweza kuifungua ni hawa. Neno la siri lisiandikwe humo. Liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mweka hazina, na bahasha ibadilishwe kila uongozi ukibadilika. Kama laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho ni ya marehemu, mtakwama, basi simu hiyo iwe ya kikundi. Kwa mwenye biashara binafsi, mjulishe mkeo au mumeo au mtoto mmoja, kama unavyowaonyesha hati ya shamba la mikarafuu iko wapi.

Nimeangalia saa, harusi inakaribia. Waliokuja na jina tayari wabaki, tutatafuta pamoja kama liko wazi, na fomu mtajaza wenyewe kwa mikono yenu. Mimi nitasimama nyuma tu. Wenye laptop kaeni upande wa dirishani, kuna plagi mbili. Mama zangu wa Kiuyu, gari yenu inaondoka saa saba na nusu, kwa hiyo tunaanza na nyinyi.

Ahsanteni sana. Wabillahi tawfiq.